CS2 inanikwama, FPS 30 tu: niongeze RAM, ninunue kadi ya grafiki au niuze boksi zima?

kiroboto_tz
Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri wa waliopitia hili. Nacheza Counter-Strike 2 kwenye kompyuta ya mezani ya mtumba, yale maboksi membamba ya ofisini. Prosesa ni i5-6500, RAM GB 8 (stiki moja ya DDR4), SSD ipo. Kadi ya grafiki hakuna, natumia ile HD 530 iliyomo ndani ya prosesa. Skrini ni 1080p ya 60Hz.

Raundi ikianza naona FPS 30 hivi. Watu wakishaanza kurusha moshi inashuka chini ya 20, na nikigeuka kumtazama adui picha inaruka, nikija kumwona nimeshapigwa. CS:GO, toleo la kabla ya hili, ilikuwa inakwenda vizuri kwenye mashine hiihii.

Bajeti ni laki tatu. Nafikiria kuongeza RAM, au kadi ndogo ya grafiki, au kuhamia kifurushi kikubwa cha intaneti, au kuuza hili boksi nijazie nichukue jingine. Kipi kinalipa?

nyundo254
Ndugu, intaneti itoe kwenye hesabu leo hii. FPS ni idadi ya picha ambazo mashine yako inachora kwa sekunde, na kazi hiyo yote inafanyika mezani kwako. Ingia kwenye mipangilio ya gemu, sehemu ya Telemetry, uwashe muda wa fremu (picha moja) na pingi (muda wa ujumbe kwenda kwenye seva na kurudi) vionekane muda wote. Picha ikikwama huku pingi imetulia, shida ni mashine. Pingi ikiruka huku fremu ziko sawa, hapo ndipo umtafute mtu wa intaneti.

Na hata pingi yenyewe kwa sehemu kubwa ni umbali. Sisi wa Nairobi na Dar seva zetu ziko mbali, Johannesburg au Dubai. Mwanga ndani ya faiba unakimbia kama km 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila km 1,000 za waya zinakula ms 10 kwenda na kurudi. Kifurushi kikubwa hakifupishi waya.

shem_mwanza
Nunua kadi mkuu, usizunguke. GT 1030 inaingia kwenye boksi jembamba, haihitaji waya wa umeme wa ziada. Mambo yameisha.

BintiPangani
Shem, taratibu kidogo. Kadi inaweza kuwa jibu, ila hatujajua bado nani anayemchelewesha mwenzake, prosesa au grafiki. Kupima ni bure.

Kiroboto, fanya hivi. Cheza mechi na boti (wachezaji wa kompyuta) kwenye ramani moja, Dust II inatosha, resolusheni ikiwa 1920x1080, uandike FPS. Kisha shusha hadi 1280x720, usiguse kingine chochote, urudie njia zilezile. 1080p ina pikseli 2,073,600, na 720p ina 921,600, yaani chini ya nusu. Grafiki ndiyo inayochora pikseli hizo, prosesa haina habari nazo. FPS ikipanda sana, grafiki ndiyo imeelemewa. Ikibaki palepale, prosesa au RAM ndiyo inayochelewesha, na kadi mpya itakaa bila kazi.

Kuhusu CS:GO, usishangae. CS2 ilichukua nafasi yake tarehe 27 Septemba 2023 ikiwa juu ya injini ya Source 2, na DirectX 9, mfumo wa zamani wa kuchora picha, ikaachwa. Moshi wa zamani ulikuwa kama picha tu iliyotundikwa hewani. Wa sasa una ujazo, unajaa chumba kufuata kuta, risasi inaupasua tundu na guruneti linaufukuza. Kila fremu unachorwa upya, ndiyo maana unaangukia hapohapo.

Halafu hiyo stiki moja ya RAM ndiyo inayonisumbua zaidi kwenye maelezo yako. HD 530 haina kumbukumbu yake, inakopa RAM ileile ya prosesa. DDR4-2133 ikiwa stiki moja inapitisha GB 17 kwa sekunde, na prosesa na grafiki wanagombania humo. Ukiweka stiki mbili njia zinakuwa mbili, unapata GB 34. Kwa mashine isiyo na kadi, hakuna pesa ndogo inayofanya kazi kubwa kama hiyo.

shem_mwanza
Dada, hapo kwenye RAM nakubali. Lakini akiweka kadi, kadi ina kumbukumbu yake, RAM inapumua yenyewe. Kwa nini alipe mara mbili?

BintiPangani
Kwa sababu GB 8 ni kima cha chini cha CS2 chenyewe, na Windows inataka chakula chake humohumo. Ukifungua na kivinjari, RAM inajaa na gemu inaanza kusubiri SSD. Kadi itapandisha wastani, ila mikwamo ya ghafla itabaki. Mchezaji anauawa kwenye mkwamo, hauawi kwenye wastani. FPS 60 ni ms 16.7 kwa kila fremu. Fremu moja ikichukua ms 100, adui ameshavuka mlango na hesabu yako ya wastani bado inasoma vizuri.

Mzee wa Soketi
Vijana, mimi ni fundi, na kabla ya RAM na kadi naomba boksi lifunguliwe. Haya maboksi ya mtumba yametoka ofisini yamekaa miaka chini ya meza. Nikifungua nakuta vumbi limeshonana kwenye hitsinki (chuma cha kupooza prosesa) kama blanketi, na ile pesti ya kijivu kati ya prosesa na hitsinki imekauka inamenyeka kama chokaa. Prosesa ikipata joto kupita kiasi inajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Kwa joto la Dar tena kwenye chumba kisicho na feni, hilo linatokea mapema sana.

Dalili yake ni rahisi: dakika za mwanzo gemu inakwenda, halafu inazidi kudorora kadiri unavyocheza. Ukizima ukapumzika ukawasha, imepona. Ukiona hivyo, safisha na upake pesti mpya. Pesti kiasi cha punje ya dengu kinatosha, usiijaze. Na unapopuliza vumbi shika feni kwa kidole isizunguke.

kiroboto_tz
Wakuu nimerudi na majibu. Nimefungua: vumbi lilikuwepo, si la kutisha, nimesafisha na pesti nimebadilisha. FPS ya mwanzo wa mechi haijabadilika, ila sasa haishuki kadiri muda unavyokwenda. Fundi, asante sana.

Kipimo cha dada: 1080p imenipa 31, 720p imenipa 52. Kwa hiyo ni grafiki?

BintiPangani
Ni grafiki, wazi kabisa. Sasa una mambo ya bure ya kumaliza kwanza. Kivuli, maumbo na chembechembe weka Low. MSAA (njia nzito ya kulainisha kingo za picha) izime, tumia CMAA2 ukitaka kulainisha. Kisha chagua kati ya hizi mbili: kushusha resolusheni, au kuwasha FSR.

FSR ya CS2 ukiiweka Performance kwenye 1080p, gemu inachorwa kwa 960x540 halafu inakuzwa. FPS inapanda, lakini kichwa cha adui aliye mbali kinakuwa doa. Kwa gemu la kulenga vichwa, mimi siitaki. Afadhali 1280x960, ambayo ni kama asilimia 59 ya pikseli za 1080p. Wengi wanaoipenda wanaivuta ijaze skrini, watu wanaonekana wanene kidogo. Hasara yake ni kwamba 4:3 inakata pembeni, adui wa ubavuni unaweza usimwone. Jaribu zote kwenye mechi na boti uamue kwa macho yako.

nyundo254
Naongezea: kila gemu ikipata apdeti kubwa au ukibadilisha draiva, mechi ya kwanza itakwamakwama kwa sababu sheda (programu ndogo za kuchora mwanga na rangi) zinatayarishwa upya. Anza na Deathmatch. Usihukumu mashine kwa mechi hiyo.

Kuhusu kuuza boksi, mimi ningelifikiria kwa uzito. i5-6500 ni ya 2015, ina nyuzi nne (kazi inazoweza kufanya kwa wakati mmoja), na CS2 inadai nne kama kima cha chini. Haimo kwenye orodha rasmi ya Windows 11, na msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Ukiweka akiba ukapata prosesa kama Ryzen 5 5600G, una nyuzi 12 na grafiki ya ndani inayoiacha HD 530 mbali, na kadi unaweza kuongeza baadaye.

shem_mwanza
Kwa laki tatu hapati hiyo, mkuu. Ana njaa leo, wewe unamwonyesha shamba.

nyundo254
Laki tatu pamoja na bei ya boksi lake. Ila ni kweli, atalazimika kusubiri. Kama anataka kucheza mwezi huu, RAM na kadi.

Mzee wa Soketi
Kwenye kadi nisikilizeni vizuri, maana watu wanaumia hapa. GT 1030 ziko mbili zenye jina moja. Ya 2017 ina kumbukumbu ya GDDR5, inapitisha GB 48 kwa sekunde. Ya 2018 ina DDR4, inapitisha chini ya GB 17. Boksi linafanana, muuzaji atakuambia ni kitu kimoja. Si kitu kimoja hata kidogo. Soma maandishi ya kwenye boksi, na ukifika nyumbani thibitisha kwa programu ya GPU-Z.

Ukiweza kupanda kidogo, tafuta GTX 1050 Ti fupi, ya GB 4. Inakula wati 75, ndicho kiwango ambacho nafasi ya PCIe (tundu la mazabodi la kuchomekea kadi) inaruhusiwa kutoa, kwa hiyo nyingi hazina soketi ya waya wa ziada. RX 6400 nayo ni nzuri na inakula umeme mdogo kuliko hiyo, lakini inatumia njia nne tu za PCIe, na mazabodi yako ni ya PCIe 3.0, kwa hiyo haitafika kasi yake yote. Hakikisha ile sahani ya chuma ya nyuma ni fupi, ndefu haitafunga kwenye boksi lako.

kiroboto_tz
Nimeamua: stiki ya pili ya GB 8 kesho Kariakoo, nipime tena, halafu nisake 1050 Ti fupi kwa pesa itakayobaki.

mama_kevo
Samahani kwa kudandia. Mwanangu ana laptopu yenye kadi ya grafiki ndani, ila FPS yake ni ndogo hata kwa mipangilio ya chini. Tumesafisha, RAM ni stiki mbili. Tatizo laweza kuwa nini?

Mzee wa Soketi
Mama, anachezea kwa chaji au kwa betri? Na chaji ni iliyokuja na laptopu au mlinunua mtaani?

mama_kevo
Kwa chaji. Ya awali ilikufa, hii tulinunua mtaani.

Mzee wa Soketi
Anzia hapo. Ziko laptopu ambazo zisipoitambua chaji, prosesa inashikwa kwenye kasi ya chini kabisa, na mara nyingi ukiwasha unaona onyo skrini ikiwa bado nyeusi. Soma wati zilizoandikwa chini ya laptopu na zilizoandikwa kwenye chaji. Kisha azima chaji halisi kwa jirani mwenye laptopu ya aina hiyohiyo, mjaribu gemu nayo, utuambie FPS imesoma ngapi.