Hedifoni moja ya studio, safari na nyumbani: nichague ipi?

Mpiga_Kinanda:
Wakuu, naomba msaada. Naimba na kujirekodi mwenyewe, kisha namiksi usiku wengine wakiwa wamelala. Nataka hedifoni moja tu iliyofungwa nyuma (vikombe vyake havina matundu kwa nje): ya kurekodia, ya safarini na ya kusikilizia muziki nyumbani. Nilizo nazo zina miaka 6 na zimeanza kuninyima raha. Nikiimba ubeti wa sauti ya chini, mlio wa metronomu (kile kihesabu mdundo) unaingia kwenye maiki. Halafu nikimaliza kumiksi naona besi imekaa sawa, lakini nikiupiga wimbo huohuo kwenye spika, besi inafunika kila kitu. Kuna wimbo nimeurudia mara 4. Nimechoka. Ninunue ipi?

Sikio_la_Tatu:
Kabla hujatoa pesa: unavaa miwani? Na mito ya hedifoni umewahi kuibadilisha?

Nauliza kwa sababu besi ya hedifoni iliyofungwa inategemea mto kuziba vizuri kuzunguka sikio. Ukipatikana upenyo mdogo tu, besi inatoroka. Wewe unaisikia hafifu, unaiongeza, na kwenye spika inazidi. Upenyo huohuo ndio unaoutoa mlio wa metronomu hadi kwenye maiki.

Mpiga_Kinanda:
Navaa, na mito ni ileile iliyokuja nazo, imeshalala kabisa. Nimejaribu sasa hivi: nimevua miwani nikaikandamiza mito kwa viganja. Besi imerudi nzito hadi nimeshtuka! Kumbe muda wote nilikuwa narekebisha kosa ambalo kwenye wimbo halimo.

Begi_Mgongoni:
Niseme la safari. Hedifoni iliyofungwa inapunguza vizuri sauti za juu, ila ngurumo ya injini ya basi au ndege inapenya. Ngurumo inazimwa na zile zenye maiki ndani, zinazosikiliza kelele na kutoa wimbi la kuipinga. Lakini usirekodi kwa Bluetooth, sauti inachelewa na utapoteza mdundo.

Mimi natumia Audio-Technica ATH-M50x. Inakunjwa, waya unachomoka, na kwa omu 38 (kipimo cha ukinzani wa umeme; ukiwa mdogo ni rahisi kuisukuma) simu inaimudu. Tafadhali usishindane na injini kwa kuongeza sauti. Kikomo cha usalama cha Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kadiri sauti inavyopanda ndivyo saa hizo zinavyopungua haraka. Masikio yako ndiyo kazi yako.

Sikio_la_Tatu:
Kwa mvaa miwani ningeanza na Beyerdynamic DT 770 Pro ya omu 80. Mito yake ni ya mahameli, inabonyea pale mkono wa miwani unapopita. Ubaya wake ni safarini: haikunjiki, na waya ni wa mita 3 usiochomoka. Ya omu 250 iache, simu nyingi haziisukumi vya kutosha.

Sony MDR-7506 iko studio tangu 1991 na inakunjwa. Inaanika "s" kali za mwimbaji kuliko nyingine nilizotumia, na kwa kuhariri sauti naipenda sana. Ila mito yake ni myembamba, na kwa miwani yako nina wasiwasi nayo.

Yoyote utakayoshika, ijaribu ukiwa na miwani usoni, kwa wimbo unaoujua vizuri. Kisha ibonyeze mito taratibu. Besi ikibadilika sana, hiyo haikuzibi.

Mpiga_Kinanda:
Asanteni sana. Naagiza mito mipya kwanza, kisha nitajaribu DT 770 na M50x nikiwa na miwani. Safari naiweka nyuma, kurekodi ndiko ninakokuhitaji zaidi. Ule wimbo wa mara 4 naufungua tena usiku huu, bila miwani.