Naomba ushauri: je, 4,294,967,297 ni namba tasa?

Mwalimu_Nyegezi
Ndugu wanajamvi, habari za jioni. Ninafundisha hisabati sekondari hapa Mwanza. Mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu amegundua kwamba 2 ikipewa vipeo vya 1, 2, 4, 8 na 16, kisha ikaongezwa 1, hutoa 3, 5, 17, 257 na 65,537, ambazo zote ni tasa. Kipeo cha 32 kimempa 4,294,967,297, na anataka kuwaeleza wenzake wa klabu ya hisabati kwamba nayo ni tasa. Daftari lake limejaa hesabu za penseli: jumla ya tarakimu ni 59, kwa hiyo 3 haiigawi, 7, 11 na 13 amezikataa kwa makundi ya tarakimu tatu tatu, yaani 297 − 967 + 294 − 4, ambayo ni −380. Lakini kipeuo cha pili cha namba hiyo kinazidi kidogo 65,536, na chini yake zipo namba tasa 6,542 za kujaribu. Sipendi kumvunja moyo, wala sipendi asimame na dai lisilo na uthibitisho. Nimwongozeje bila kompyuta?

Mvuvi_wa_Hesabu
Mwalimu, mtoto huyo anawaza kama mwanahisabati Pierre de Fermat, aliyeamini kwamba namba zote za aina hii ni tasa, hadi mwenzake wa baadaye, Leonhard Euler, alipoonyesha mwaka 1732 kwamba hii siyo. Tafadhali usimpe jibu mapema. Mpe sharti hili, linalotokana na kanuni ya Fermat mwenyewe kuhusu baki za vipeo: namba tasa yoyote inayoigawa hiyo, ikigawanywa kwa 64, lazima ibakize 1. Ni wavu wa macho mapana. Dagaa wote wanapita, wanabaki sangara wachache: 193, 257, 449, 577, 641. Ajaribu kwa mpangilio huo, na ya tano itagawa bila baki, jibu likiwa 6,700,417.

Bibi_Kirumba
Naunga mkono, ila kwa maoni yangu kugawa tu hakutoshi, apate na sababu. 641 ni 5⁴ + 2⁴, yaani 625 + 16. Akiizidisha kwa 2²⁸ atapata 5⁴ × 2²⁸ + 2³², ambayo ni kigawe cha 641. Sasa 5⁴ × 2²⁸ ndiyo 640⁴, na 640⁴ − 1 ina kigawo 640 + 1, kwa hiyo nayo ni kigawe cha 641. Akitoa hii ya pili kutoka ile ya kwanza, kinachobaki ni 2³² + 1, namba yake yenyewe.

Mwalimu_Nyegezi
Shikamoo Bibi, nawashukuru sana nyote. Hiyo ya 640⁴ − 1 ataielewa, maana tofauti ya miraba miwili wameshaisoma. Ila namjua, atauliza kama 6,700,417 nayo ni tasa.

Mvuvi_wa_Hesabu
Ni tasa, Mwalimu, na sharti lile lile linatosha, kwa kuwa kila kigawo chake ni kigawo cha namba kubwa pia. Kipeuo chake cha pili hakifiki 2,589, na nne za mwanzo ameshazikataa. Zimebaki 641, 769, 1,153, 1,217, 1,409, 1,601 na 2,113. Azigawe hizo saba mwenyewe, kwa penseli ile ile.