Makala ya maoni: nafsi ya kwanza inajenga hoja au inaibomoa?

Wakuu, heshima kwenu. Naomba tulijadili hili kwa utulivu maana linajirudia kila siku, mtu akiandika makala ya maoni akaweka "niliona" au "naamini" anaambiwa aondoe, aandike kitaalamu, eti hoja haitakiwi kuwa na mtu ndani yake. Shuleni nami nilifundishwa hivyo hivyo, insha ikarudi na mistari myekundu kila nilipojitaja.

Msimamo wangu ni kwamba kwenye habari sawa, kwenye ripoti ya utafiti sawa pia, ila kwenye maoni ukijitoa mwenyewe msomaji anabaki anaongea na ukuta.

Chukua sentensi hii, niliwahi kuiandika: "Imebainika kuwa wagonjwa husubiri muda mrefu kabla ya kuhudumiwa." Haina kosa. Nikaifuta nikaandika: "Nilikaa na mama kwenye benchi toka saa kumi na mbili asubuhi, jina lake likaitwa saa nane mchana, ameshanilalia begani." Jambo ni lile lile ila ya pili huwezi kuiruka, kwa sababu kuna mtu alikuwepo, na ukitaka kumbana unajua wa kumbana ni nani. Ile ya kwanza imebainika kwa nani? Hizi "inasemekana", "imeelezwa", "wengi wanaamini" ni kichaka tu, mtu anajificha humo asiulizwe.

Na Kiswahili kimeturahisishia kweli. Nafsi iko ndani ya kitenzi tayari, nimeona, nilikosea, sikubali, huhitaji kuongeza neno. Ukiandika "mimi" kwa nje umeshasisitiza, ni kama umegonga meza. Kwa hiyo wanaosema nafsi ya kwanza ina majivuno nadhani kinachowaudhi ni ile mimi mimi mimi kila mstari, na hapo nakubaliana nao kabisa. Igonge meza mara moja, pale penye uzito.

Ninayoiogopa zaidi ni "sisi". Lugha yetu haitenganishi sisi pamoja na wewe unayesoma na sisi bila wewe, "tu" ni moja tu, so ukiandika "tumechoka" umemwingiza msomaji ndani bila kumuuliza. Akiwa kweli amechoka umempata, asipokuwa amechoka anajiuliza huyu katumwa na nani kunisemea, na makala nzima inaishia hapo hapo.

Sasa hoja nzito ya upande wa pili, ambayo nimeambiwa na mtu ninayemheshimu sana: yaliyokukuta wewe sio ushahidi, mwingine alihudumiwa kwa dakika kumi. Ni kweli, na siikwepi. Benchi langu halithibitishi kitu kuhusu hospitali zote, takwimu ndizo zinafanya kazi hiyo. Ila takwimu hazisemi kwa nini wewe unaandika, na msomaji anataka kulijua hilo kabla hajakuamini.

Tazama barua ya mwandishi wa riwaya Émile Zola kwa rais wa Ufaransa, gazeti la L'Aurore, Januari 13, 1898, akimtetea Kapteni Alfred Dreyfus aliyefungwa kwa kusingiziwa kuipa Ujerumani siri za jeshi. Watu wanakumbuka lile neno "nashtaki" analolirudia na kila mara anamtaja anayemshtaki. Wanachosahau ni kwamba linakuja mwishoni, baada ya kueleza kesi kwa kirefu, nani alifanya nini na lini. Ushahidi kwanza, nafsi ndio ikafuata kuubeba. Na akaandika wazi kwamba anajua sheria ya magazeti ya 1881 inaweza kumfikisha mahakamani. Ikamfikisha kweli, akahukumiwa mwaka mmoja jela, akakimbilia Uingereza. Dreyfus alisafishwa 1906. Hebu weka "inadaiwa kuwa" badala ya "nashtaki" uone kinachobaki.

Ndio maana nasema nafsi ya kwanza inashawishi pale inapokugharimu kitu, hata kama ni kukiri tu kwamba mwaka jana uliandika kinyume. Ikiwa ya kujipamba msomaji anaiona mapema sana.

Anayepinga naomba aje na sentensi moja ya maoni isiyo na mtu ndani ambayo iliwahi kumbadilisha mawazo, aiweke hapa kama ilivyo, tuichambue neno kwa neno.