Mtambo wa umeme wa kupikia bia unaziba kwa kimea cha ulezi, nifanyeje?

Mama Eli
Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu kaniletea kutoka Uingereza ule mtambo wa kupikia bia wenye kila kitu humo humo: sufuria la lita 30, hita ya wati 2,400 chini, chujio la matundu ndani, na kipampu cha kuvuta maji chini na kuyamwaga juu ya nafaka. Plagi imeingia ukutani bila adapta. Shayiri inapikika bila shida. Tatizo ulezi. Mimi mtu wa Rombo, na kimea cha ulezi kimejaa sokoni, cha shayiri nakitafuta kwa tochi. Nimeweka kilo tano za ulezi mtupu, umesagwa laini kama unga wa uji. Kufika nyuzi 67 pampu inakohoa, maji yanajaa juu hayashuki, chini kunanuka ukoko, kisha hita inajizima. Na msiniambie nirudi kwenye kuni!

FundiHita
Hita haijafa, dada. Chomoa, mwaga, pindua: mitambo mingi ina kitufe kidogo chini, kibonyeze. Inajizima kitako kikipata moto kupita kiasi, na hapo ni unga umetuama ukaungua. Kwenye shayiri, maganda ndiyo yanayochuja. Ulezi hauna maganda ya hivyo, halafu wewe umeusaga unga! Wauparaze tu. Changanya na shayiri nusu kwa nusu, au chukua makapi ya mpunga mashineni, yaoshe vizuri, uyachanganye humo. Pampu ifungulie robo.

Binti wa Marangu
Shikamoo dada. Makapi peke yake hayatoshi. Wanga wa ulezi unaiva kwa joto kubwa kuliko wa shayiri, na joto hilo linaua vimeng'enya vya kimea, vile vinavyogeuza wanga kuwa sukari. Loweka kimea kwenye maji baridi, kiache kituame, teka maji ya juu uyaweke pembeni; vimeng'enya vingi vimo humo. Zito lililobaki lipike uji kwenye sufuria ya kawaida, usiache mwiko. Poza hadi nyuzi 65, rudisha yale maji, funika saa moja. Utaona uji uliokuwa unasimamisha mwiko unalegea mpaka unamiminika, na ukionja ni mtamu. Chuja kwa kitambaa cha pazia. Mtamboni yaingie maji yaliyochujwa tu.

Mama Eli
Marahaba mwanangu, hapo nimekuelewa. Na msesewe, ule mti wenye gamba chungu, badala ya hopsi, yale maua ya kutia bia uchungu? Luku je, umeme wa kiasi gani?

Binti wa Marangu
Gamba lichemshe kando, uongeze kidogo kidogo huku unaonja. Ule mti ni jamii moja na ule uliotoa dawa ya presha, usimimine kwa kikombe.

FundiHita
Luku weka uniti tano, ukichemsha saa nzima. Funika wakati wa kupasha, ukianza kutokota funua. Umeme ukikatika katikati, zungushia blanketi usubiri.