Naomba ushauri: somo la Wayahudi na Wakristo

Wakuu, salaam kutoka Malindi. Natayarisha somo la dakika 40 kwa vijana wa kanisa, kuhusu tofauti za imani ya Wayahudi na Wakristo. Panapokwama ni vitabu vya Agano la Kale: Wayahudi huhesabu 24, Waprotestanti 39, na maandishi ni yale yale. Kwao Samweli ni kimoja, manabii wadogo 12 ni kimoja, na mwisho ni Mambo ya Nyakati, si Malaki. Kijana akisikia 24 anadhani 15 vimetupwa! Dhambi ya asili, yaani kwamba binadamu huzaliwa na dhambi iliyotokana na Adamu, Wayahudi hawaifundishi. Utatu wanaukataa, na hilo vijana wataelewa upesi, majirani zao ni Waislamu. Sasa, nianze na vitabu au na tofauti kuhusu Masihi? Na Kumbukumbu la Torati 6:4, ile aya ya Mungu mmoja aliyoinukuu Yesu katika Marko 12:29, niiweke wapi?