Tupeane uzoefu: unalala wapi Dar usiku wa kuamkia boti ya Zanzibar?

Mama Wawili wa Rau
Wadau habari za jioni. Leo nimepita stendi hapa Moshi nikamkuta mama ana watoto watatu na begi la kuburuta, anamuuliza konda "eti tukishuka Mbezi, mpaka kwenye boti ni mbali?" Konda anamjibu "hapo hapo tu mama." Hapo hapo tu! Nimecheka peke yangu kama chizi maana jibu hilo hilo nilipewa mimi 2022.

Tulikuwa watatu, mimi, mume na wifi yangu, tunaenda kumuoza shemeji Unguja. Tiketi za boti ya saa moja asubuhi mkononi. Basi limepata pancha Same, foleni Kibaha, foleni Kibamba, tunashuka Mbezi Luis saa tano usiku miguu imevimba. Mume akasema kwa nini tuhangaike na mjini, gesti za hapa elfu ishirini, saa kumi na moja tunaamka tunaondoka. Na tuliamka kweli! Ila wifi akaingia kuoga. Aisee yule mtu anaoga kama anafua mapazia. Tumetoka pale saa kumi na mbili kasoro, Kimara magari yamelala, Ubungo yamelala, tunafika Magomeni ni saa moja kasoro kumi, dereva kaanza kutupa pole. Boti tuliiona mgongo. Na kwenye begi letu ndo kulikuwa na suti ya bwana harusi, imeshonwa Moshi. Boti iliyofuata imejaa, tukapata ya mchana. Shemeji kaoa na suti ya kuazima, mikono imeishia kwenye viwiko, picha zipo mpaka leo ukutani kwake na wifi hataki zitajwe.

Sasa Desemba nampeleka mama yangu, ana miaka 71, katoka Mwika huku mlimani, bahari hajawahi kuiona. Sitaki kurudia. Nyie huwa mnalala wapi?

Chalii wa Sakina
Anaoga kama anafua mapazia 😂😂😂

Baba Neema
Pole dada. Kosa ni Mbezi. Stendi ilipokuwa Ubungo ulikuwa angalau una pa kuanzia, tangu wahamie Mbezi 2021 imekuwa kama unashuka mkoa mwingine. Lala Kariakoo au Gerezani, asubuhi ni pua na mdomo.

Fundi Kijenge
Kariakoo ulale wewe baba. Mimi nililala mtaa mmoja pale karibu na Msimbazi, chumba kizuri, feni nzuri, saa tisa usiku wanaanza kushusha mzigo wa mabalo chini ya dirisha, "oyaaa vuta, oyaaa rudi". Nilipanda boti nimelewa usingizi, nimekuja kuamshwa Unguja na mfagiaji.

Baba Neema
Si ulifika lakini?

Fundi Kijenge
Nilifika.

Baba Neema
Basi.

Dada wa Mbuyuni
Mimi naomba niongelee neno moja tu: FERI. Jamani ndugu zangu wa huku milimani, Dar ukisema "nipeleke feri" unapelekwa kwenye pantoni la Kigamboni, pale soko la samaki. Boti za Zanzibar ni kwingine, zipo kabla hujafika huko, mkabala na kanisa la Mtakatifu Yosefu. Mimi niliitafuta gesti "karibu na feri" kwa simu, yule dada kanihakikishia ni kutembea tu dakika tano. Kweli ni dakika tano! Ila ni upande wa Kigamboni. Nimegundua saa tatu usiku niko juu ya pantoni na begi, nauliza jirani "hii ndo inaenda Zanzibar?" Yule kaka hakucheka, Mungu ambariki, alinishika mkono akaniambia dada kaa kwanza.

Mama Wawili wa Rau
Dada kaa kwanza 😭

Meku wa Machame
Sisi Walutheri wa KKKT zamani tulikuwa tunalala Luther House pale Azania Front, unatoka na chai yako bado ya moto unafika kwenye boti. Siku hizi mnataka mambo makubwa.

Muuza Tanzanite Mstaafu
Kwani ndege zimeisha? KIA mpaka Unguja unafika hata hujamaliza soda.

Dada wa Mbuyuni
Kuna watu wakiona wenzao wanaongea shida lazima waonyeshe walet. Mzee endelea na soda yako.

Muuza Tanzanite Mstaafu
Nimetoa ushauri tu. Mama wa miaka 71 masaa kumi kwenye basi ni upendo huo?

Mama Wawili wa Rau
Mama ndo kakataa ndege mwenyewe, anasema kitu kisichokanyaga chini hapandi. Nikamwambia na boti nayo haikanyagi chini, kanyamaza, nikaona nisiendelee.

Mwongoza Wageni, Arusha
Mnaongelea boti ambayo ukiikosa ya asubuhi unapanda ya mchana. Mimi nilinusurika kuachwa na meli ya utalii yenyewe, ile kubwa kama mtaa, ambayo ikiondoka imeondoka, kinachofuata ni wewe kuifukuza kwa ndege mpaka bandari nyingine. Na tatizo lilikuwa hilo hilo, mahali pa kulala.

Nilikuwa na wageni wawili, babu na bibi wa Kidachi, tumemaliza Serengeti na Ngorongoro vizuri kabisa, meli yao inawasubiri Mombasa, Kilindini. Kabla ya meli wana siku mbili wanataka ufukwe. Mimi nikasema laleni kisiwani Mombasa kwenyewe, au kwa kujinyima sana laleni Nyali, kule angalau kuna daraja. Bibi kaona picha za Diani kwenye simu, mchanga mweupe kama unga wa ngano, basi ikawa Diani. Bosi kanambia nenda nao mpaka mwisho maana babu moyo haupo sawa. Tukapita Holili, tukabadilisha gari upande wa Taveta, Voi, Mombasa, Diani. Siku mbili zimepita kama asali.

Sasa asiyejua ajue, Diani ipo kusini, na kati yake na mji wa Mombasa kuna mlango wa bahari, unavuka kwa feri ya Likoni. Kipindi hicho barabara ya Dongo Kundu ya kuzungukia bado haijafunguliwa, kwa hiyo njia ndo hiyo moja. Meli mwisho wa kuingia saa kumi jioni. Nikawaambia tutoke saa nne asubuhi. Babu akasema ni kilomita thelathini na kitu tu, kahesabu kwenye ramani, akataka ale mchana kwanza, samaki mkubwa, na kahawa. Tumetoka saa saba. Tunakaribia Likoni nikaona mkia wa foleni ya magari, aisee sikuona kichwa. Saa nane na nusu tumesogea kama hatua za mtoto. Dereva Mmombasa katulia anatafuna zake muguka, yale majani kama mirungi, anasema "pole pole bwana, feri haina haraka". Feri haina haraka, meli je?

Nikafanya uamuzi. Wanaovuka kwa miguu hawangoji kama magari, na hawalipi. Nikaita kijana wa mkokoteni, masanduku manne juu, bibi nimemshika mkono huu, babu kashika shati langu kwa nyuma, tukaingia kwenye umati. Mnaijua ile teremko ya Likoni mlango ukifunguliwa? Watu wanamwagika kama maharage. Babu kapoteza kiatu kimoja, nikamwambia kwa Kiingereza changu kiatu tutanunua, meli hatuwezi. Tumevuka. Upande wa pili tuktuk mbili, moja ya watu moja ya masanduku, na ya masanduku ikapotea! Ilienda geti la mizigo, sisi tupo geti la abiria, simu ya dereva siijui. Saa kumi kasoro dakika nane ndo ikatokea, kijana anatabasamu kabisa.

Waliingia. Ila babu kwa kuchanganyikiwa ile bahasha ya tip yangu, ya siku tisa za safari, alimpa yule kijana wa mkokoteni kule Likoni. Mimi kanipa mkono.

Chalii wa Sakina
Bahasha ilikuwa na shingapi kaka

Baba Neema
Swali la msingi.

Fundi Kijenge
Euro hiyo, hesabu siku tisa. Kijana wa Likoni sa hivi ana nyumba.

Mpenda Ukweli, Moshi
Stori tamu ila nina wasiwasi. Ulijuaje kilichomo kwenye bahasha kama hujaiona?

Mwongoza Wageni, Arusha
Bibi aliniandikia baadaye ameomba radhi, kumbe waliulizana melini. Na alituma nyingine, kabla hujauliza.

Mpenda Ukweli, Moshi
Sasa si ungesema katuma nyingine? Umetuacha tunalia bure. Watu wa Arusha mna chumvi.

Chalii wa Sakina
Na watu wa Moshi mna kalkuleta. Mangi kasoma stori nzima kaondoka na hesabu tu 😂

Mama Wawili wa Rau
Jamani turudini Dar, Mombasa mtafungua uzi wenu. Mama yangu alale wapi??

Mwongoza Wageni, Arusha
Samahani dada. Nilichotaka kusema ni kwamba usiangalie umbali, angalia kuna nini katikati. Maji, foleni, daraja. Lala upande ule ule ilipo boti.

Konda Mstaafu
Msilale kabisa. Mabasi ya usiku yalirudi 2023, panda la jioni, alfajiri uko Mbezi, unaunga moja kwa moja. Hela ya gesti unakula urojo Unguja.

Dada wa Mbuyuni
Na likiharibika Mkata saa nane usiku? Mama wa watu akae porini na kitenge? Usimsikilize huyu.

Konda Mstaafu
Miaka 14 barabarani, Mkata nimelala mara mbili tu.

Dada wa Mbuyuni
Mara mbili TU.

Mwalimu wa Pasua
Dada Rau, mimi naenda karibu kila likizo. Lala Kisutu, au mitaa ya nyuma ya Mnazi Mmoja. Usiku pametulia kuliko Kariakoo, na asubuhi bajaji dakika chache tu. Ukitoka Mbezi na huna mzigo mkubwa unatafuta usafiri mpaka Kimara unachukua mwendokasi, shuka Posta ya Zamani, usiende mpaka mwisho Kivukoni, la sivyo yatakukuta ya huyo dada wa pantoni. Lakini kwa mama wa miaka 71 kodi gari tu. Beba kitambulisho chake cha NIDA, tiketi wanaandika jina. Na tiketi ukakate dirishani kwao, wale vijana wa nje wanaokuita "mama tiketi huku" achana nao, mimi nimeshauziwa ya jana yake. Halafu kwa nini lazima saa moja? Ipo ya saa tatu na nusu, mama anakunywa chai yake vizuri.

Mama Wawili wa Rau
Mwalimu umenitendea. Ya saa tatu na nusu sikuiwaza kabisa, sijui kwa nini kila mtu anakimbilia ya saa moja.

Meku wa Machame
Kwa sababu mnataka kurudi siku hiyo hiyo.

Fundi Kijenge
Chagua chumba chenye AC na kiwe juu, gorofa ya kwanza mbu wa Dar watambeba bibi.

Baba Neema
Gorofa ya juu mama wa miaka 71, ngazi je? Chini!

Fundi Kijenge
Huyo katoka Mwika, anapanda na kushuka mgomba kwa mgomba tangu azaliwe, ngazi za Kisutu zitamfanya nini?

Chalii wa Sakina
Wifi anaenda na safari hii?

Mama Wawili wa Rau
Wifi nitamwambia boti inaondoka saa kumi alfajiri.

Sawa, nimepata chumba Kisutu, elfu arobaini na tano, gorofa ya kwanza, AC ipo. Nimempigia mama kumwambia kila kitu, gesti, gari, boti ya saa tatu na nusu. Kasikiliza mpaka mwisho halafu kaniuliza kama pale watatupa blanketi au abebe la kwake.

Dada wa Mbuyuni
Mwambie abebe. Akishaiona hiyo AC ndo utajua alikuwa sahihi.