Re: Bili ya hospitali ya mama (B-2) imepelekwa kwa wakusanya madeni. Mwanasheria Mkuu wa jimbo anasaidia?

Mama Zuwena, Brooklyn Park

Habari za jioni ndugu zangu. Mama yangu mzazi yuko hapa Minnesota kwa B-2, viza ya matembezi. Presha ilimpanda, akaanguka jikoni, tukapiga 911, wakamlaza. Bima ya wageni niliyomkatia imegoma kulipa, wanasema presha alikuja nayo kutoka nyumbani. Ofisi ya malipo ya hospitali ikanipa fomu ya kuomba msamaha wa gharama, nikaijaza na kuirudisha. Hawajanijibu, na jana nimeletewa barua ya kampuni ya kukusanya madeni. Jina la mama juu, jina langu chini yake kama mdhamini! Karatasi niliyosaini ni ile ya mapokezi, mama yuko kwenye machela, hata miwani sikuwa nayo.

I-94 yake, ruhusa ya kukaa aliyopewa alipoingia, inakaribia kuisha na daktari amesema asipande ndege kwa sasa, kwa hiyo lazima nimjazie I-539, fomu ya kuomba kuongezewa muda. Maswali yangu mawili: deni likibaki hivi, USCIS, yaani idara ya uhamiaji, wataliona na kuikataa I-539? Na kuna aliyewahi kupeleka malalamiko kwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo kwa jambo kama hili?

Nesi wa Rochester

Pole sana dada, mama apate nafuu. Kwanza usilipe hata dola moja. Waandikie wakusanya madeni barua ya kulipinga deni ndani ya siku 30 tangu ulipopata barua yao. Barua ya karatasi, ipeleke posta kwa rejista, usiishie kwenye simu. Pili, idai hospitali bili yenye mchanganuo, kila kidonge na kila kipimo kwenye mstari wake. Utashangaa yaliyomo. Tatu, hospitali za Minnesota zina makubaliano na Mwanasheria Mkuu: asiye na bima, kama kipato cha nyumba yake hakifiki dola 125,000 kwa mwaka, asitozwe zaidi ya wanachokubali kupokea kutoka kwa kampuni kubwa ya bima. Na kabla ya kumpeleka mtu kwa wakusanya madeni, wanatakiwa kuhakikisha amepewa nafasi ya kuomba msamaha. Taja hilo kwenye malalamiko yako, na ambatisha nakala ya ile fomu.

Baraka, Brooklyn Center

Hayo makubaliano ni mambo ya zamani. Siku hizi kuna sheria ya madeni iliyoanza Oktoba 2024: deni la hospitali halipelekwi tena kwenye ripoti ya krediti, na hospitali haiwezi kukunyima matibabu kwa sababu unadaiwa. Ndiyo atumie hiyo. Halafu dada, hakikisha I-539 imefika kabla tarehe ya I-94 haijapita. Watu wanaangalia viza kwenye pasi, wanaona bado haijaisha, wanatulia.

Nesi wa Rochester

Baraka, sheria mpya haijafuta makubaliano. Vyote viwili vipo. Tusimchanganye mtu mwenye mgonjwa ndani.

Mzee wa Muheza, St. Paul

Mama Zuwena mwanangu, pole. Msalimie mama, mwambie kuna mtu wa Muheza hapa.

Hayo makubaliano msiyaite mambo ya zamani. Mimi nilikuwepo kabla hayajawepo. Asiye na bima alikuwa akitozwa bei kamili ya kwenye orodha, na kampuni ya bima yenye mabilioni inapunguziwa. Aliyebadili hilo ni Mike Hatch, Mwanasheria Mkuu wa Minnesota kuanzia 1999 hadi 2007. Alizibana hospitali mpaka mwaka 2005 zikasaini. Mwaka uliofuata akagombea ugavana dhidi ya Tim Pawlenty, gavana wa wakati huo. Siku za mwisho za kampeni mwandishi wa habari akamuuliza mgombea mwenza wake, Judi Dutcher, kuhusu E85, yale mafuta ya gari yanayochanganywa na ethanoli ya mahindi. Hakujua ni kitu gani. Katika jimbo la wakulima wa mahindi! Hatch akamjia juu mwandishi mwingine kwa simu, maneno yakaandikwa magazetini. Alishindwa kwa kama asilimia moja.

Na si yeye peke yake. Kabla yake alikuwa Skip Humphrey, mtoto wa yule Hubert Humphrey aliyekuwa Makamu wa Rais. Mwaka 1994 alizishtaki kampuni za sigara, watu wakasema hawezi. Kesi ilisikilizwa hapa hapa St. Paul mwaka 1998. Nilikuwa nasafisha ofisi usiku, na mapumziko tulikuwa tunasoma magazeti ya mchana, kila siku nyaraka mpya ya siri imetolewa. Mwezi Mei kampuni zikakubali kulilipa jimbo zaidi ya dola bilioni 6, na mamilioni ya kurasa zao za ndani yakafunguliwa kwa dunia nzima. Novemba mwaka huohuo Humphrey anagombea ugavana. Akawa wa tatu, nyuma ya Norm Coleman na nyuma ya Jesse Ventura, mcheza mieleka. Asilimia 28. Mtu aliyewapigisha magoti wauza sigara! Mpaka leo linaniuma.

Dada Neema, Brooklyn Center

Shikamoo Mzee. Umemsahau Lori Swanson, mwanamke wa kwanza kushika ofisi hiyo, 2007 hadi 2019. Wakati wake ndipo ilipoibuka habari ya Accretive Health, kampuni ya Chicago iliyodaiwa kuwaweka watu wake mpaka kwenye chumba cha dharura, mgonjwa anaombwa pesa akiwa kitandani. Alifungua kesi, na mwaka 2012 wakamalizana kwa dola milioni 2.5 na kuondoka Minnesota. Mama Zuwena, kesi yako inafanana na hiyo, si na ya sigara.

Juni 2018 alikwenda kwenye mkutano wa DFL, chama cha Democratic cha Minnesota, huko Rochester akitaka kubaki na kiti chake. Duru ya kwanza wajumbe hawakumpitisha, akajitoa. Siku chache baadaye akajaza fomu ya ugavana. Ule mchujo wa chama ndio ulikuwa wangu wa kwanza kupiga kura baada ya kuapa uraia, na nilimpa yeye kwa sababu ya hao wagonjwa. Akawa wa tatu, nyuma ya Tim Walz na Erin Murphy. Kiti alichokiacha kikaenda kwa Keith Ellison.

Babake Kip, Shakopee

Hamjambo wote. Kitu ambacho mimi hunishangaza ni kwamba huku Mwanasheria Mkuu wa jimbo anapigiwa kura. Kwetu Kenya huteuliwa na rais, kwa hivyo anajua ni nani wa kumpendeza. Charles Njonjo alikuwa Mwanasheria Mkuu tangu uhuru, 1963, na mwaka 1980 akaacha kiti akaingia bunge kama mbunge wa Kikuyu, akawa waziri. Kila mtu alisema anautaka urais. Kufikia 1983 alikuwa ameporomoka, akaundiwa tume ya uchunguzi. Amos Wako naye akatoka akawa seneta wa Busia. Lakini uliza mama mboga wa Gikomba kama kuna siku aliandikia ofisi ya Mwanasheria Mkuu kuhusu bili ya hospitali. Haingii akilini. Huku anajaza fomu ya malalamiko na anaandikiwa.

Baraka, Brooklyn Center

Tanzania ni hivyo hivyo. Andrew Chenge alikuwa Mwanasheria Mkuu miaka kumi, kisha akaenda kuwa mbunge wa Bariadi na waziri. Werema, naye Mwanasheria Mkuu, alijiuzulu Desemba 2014 kwa kashfa ya fedha za akaunti ya Escrow. Lakini msidhani kura inasafisha kila kitu. Anayepigiwa kura anachagua kesi zitakazomtangaza. Hatch, Humphrey na Swanson wote walikuwa na jicho kwenye ugavana, ndiyo maana walipenda kesi zenye kamera.

Mzee wa Muheza, St. Paul

Baraka, nakupinga. Hata kama alikuwa na jicho kwenye ugavana, asiye na bima alipunguziwa bili, na alipunguziwa hata baada ya Hatch kushindwa. Mimi ni mmoja wao. Nilifanyiwa upasuaji wa ngiri mwaka 2008, kazi yangu haina bima, na kwenye bili kulikuwa na mstari mzima wa punguzo la asiye na bima. Ule mstari haukuwekwa na gavana yeyote.

Na kama unataka aliyefika juu, yupo. Walter Mondale aliteuliwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo hili mwaka 1960, ana miaka 32. Florida iliomba majimbo mengine yaisaidie katika kesi ya Gideon, fukara aliyehukumiwa bila wakili. Mondale akakataa. Akawakusanya Wanasheria Wakuu wa majimbo zaidi ya 20 waiandikie Mahakama Kuu ya Marekani upande wa Gideon. Mwaka 1963 Gideon akashinda, na ndiyo maana leo kijana wetu akikamatwa na hana pesa anapewa wakili. Mondale akawa seneta, akawa Makamu wa Rais, na 1984 akagombea urais akapata Minnesota na jiji la Washington tu. Alizidiwa na Reagan vibaya sana, lakini Gideon haijafutwa.

Angalia safu yote: Warren Spannaus, naye Mwanasheria Mkuu wa hapa, alishindwa ugavana 1982, Humphrey 1998, Hatch 2006, Swanson 2018. Wananchi wa jimbo hili wamewakatalia wote, na kazi zao ndizo zinazotulinda sisi tusio na mjomba hospitalini.

Nesi wa Rochester

Mzee, Spannaus hakufika uchaguzi mkuu. Chama kilimpitisha, lakini Rudy Perpich akambwaga kwenye mchujo.

Mama Zuwena, ile barua ya kupinga deni iandike usiku huu, weka nakala, na usitaje kabisa kwamba utalipa kidogo kidogo. Mambo ya I-539 siyajui, mtafute wakili wa uhamiaji mwenye leseni, siyo wale wa kujaza fomu dukani. Naingia zamu.